Kuwinda kwa halali pande zote mbili za Mississippi: namna ya kusoma kanuni za leseni jimbo kwa jimbo

Kutoka Davenport, Iowa, kwenda Rock Island, Illinois, ni dakika chache kwa gari. Unavuka daraja la mto Mississippi, umefika. Kwa ibada, harusi na msiba, sisi tuliotoka Kongo, Burundi na Tanzania hatuoni kama ni majimbo mawili. Ukishika bunduki au upinde, daraja lile ni mpaka kamili. Leseni ya upande huu haina nguvu yoyote upande ule, na kulungu uliyempiga kihalali Illinois anaweza kukuletea kesi ukimvusha kuja Iowa akiwa mzima na kichwa chake.

Mimi ni mkalimani. Mwaka mzima watu wananipigia kwa mambo ya hospitali, shule na mahakama, lakini Septemba ikiingia nusu ya simu zinaanza hivi: "Dada, nimetumiwa karatasi ya kuwinda, inasema nini?" Mume wangu anawinda, kaka yangu anayeishi Rock Island anawinda, na mimi ndiye nilikuwa nawasomea vitabu vya kanuni kabla sijafanya kozi mwenyewe na kununua upinde. Nitatolea mifano zaidi Iowa na Illinois kwa kuwa huko ndiko ninakokujua, ila utaratibu wenyewe utakufaa hata ukiwa Kentucky, Texas, Idaho au Maine.

Anza na ardhi, bunduki baadaye

Watu wengi huanza kwa kununua silaha, kisha leseni, kisha ndiyo wanauliza wataenda wapi. Geuza mpangilio huo. Swali la kwanza ni: mnyama atakuwa amesimama kwenye jimbo gani, kaunti gani, ardhi ya nani?

Marekani haina leseni moja ya kuwinda inayofaa nchi nzima. Wanyamapori wako chini ya dhamana ya kila jimbo kwa niaba ya watu wake, kwa hiyo kila jimbo lina idara yake, misimu yake, bei zake na kitabu chake cha kanuni. Serikali ya shirikisho inaingia kwenye mambo machache: ndege wanaohama, wanyama walio hatarini kutoweka, ardhi ya shirikisho, umiliki wa bunduki, na mnyama anapovushwa kutoka jimbo moja kwenda jingine. Hilo la mwisho lina sheria ya tangu mwaka 1900, inaitwa Lacey Act. Inasema kwamba mnyama aliyepatikana kinyume cha sheria ya jimbo akivushwa mpaka, kosa linakuwa la shirikisho. Kwa sisi tunaokaa kando ya mto, kosa la Illinois linageuka la shirikisho kwa kuvuka daraja tu.

Ukishajua jimbo, tafuta kitabu cha kanuni cha idara ya maliasili ya jimbo hilo. Hutolewa bure mtandaoni, na kilichochapishwa utakikuta kwenye maduka yanayouza leseni. Tazama mwaka kwenye jalada. Kanuni za mwaka jana zitumie kufungia vitumbua, usiwindie. Na usianzie kwenye tangazo la kwanza linalotokea ukitafuta leseni kwenye simu. Zipo tovuti za watu binafsi zinazotoza pesa kwa karatasi ambazo jimbo linatoa bure. Ingia tovuti ya idara yenyewe, kisha fuata kiungo chao cha kununulia.

Jambo la ardhi lichukue kwa uzito mkubwa. Shamba la mtu ni lazima ruhusa, hata kama hakuna uzio wala kibao. Texas na Missouri mwenye shamba anaweza kupaka miti au nguzo rangi ya zambarau, na rangi hiyo ina nguvu sawa na kibao cha "usiingie". Mfanyakazi mwenzako akikukaribisha kwao, mwombe ruhusa ya maandishi: jina lake, anwani ya shamba, tarehe, jina lako. Kwa mtu mweusi anayetembea na bunduki kwenye mashamba ya watu asiowajua, karatasi ile inakulinda kwa namna nyingi, na sioni aibu kuliandika hilo.

Ardhi ya umma ipo nyingi, nayo ina masharti yake. Illinois maeneo mengi ya jimbo hutaka kadi ya kuweka kwenye kioo cha gari, bila malipo, inayotolewa kwa eneo moja moja. Iowa ina mpango wa wenye mashamba wanaoruhusu wawindaji waingie kwa miguu bila kuombwa mmoja mmoja. Hifadhi ya shirikisho ya Upper Mississippi, inayofuata mto kutoka Minnesota hadi karibu na Rock Island, ina kanuni zake juu ya zile za jimbo. Ndiyo maana nasema uanze na ardhi: ardhi ndiyo itakayokuambia usome vitabu vingapi.

Wewe ni mkazi wa wapi?

Swali hili linaamua bei na linaamua kama utapata leseni kabisa. Kuwa na kitambulisho cha jimbo peke yake hakutoshi. Iowa inataka uwe umeishi humo siku 90 mfululizo kabla ya kuomba. Minnesota ni siku 60. Wisconsin na Illinois ni siku 30. Texas na Colorado ni miezi sita, na Wyoming mwaka mzima. Familia zetu huhama sana kufuata kazi za viwanda vya nyama na maghala, kwa hiyo mtu aliyehama Moline, Illinois, kuja Davenport mwezi Oktoba bado ni mgeni wa Iowa wakati msimu wa Desemba unafunguliwa. Usijaribu kuwa mkazi wa sehemu mbili kwa kutumia anwani ya ndugu. Hiyo huhesabiwa kuwa ni kudanganya ili kupata leseni, na karibu majimbo yote yana mkataba wa kutambuana: ukifungiwa leseni kwenye jimbo moja, mengine yanakufungia pia.

Tofauti ya mkazi na mgeni si ndogo. Wisconsin mkazi analipa dola 24 kwa leseni ya kulungu ya bunduki, mgeni analipa 200. Texas leseni ya kawaida ni dola 25 kwa mkazi na 315 kwa mgeni. Na Iowa, mgeni hawezi kuingia dukani akanunua leseni ya kulungu wa aina yoyote, yaani dume au jike; jimbo hutoa 6,000 tu kwa wageni wote, maombi yanapokelewa Mei hadi mwanzoni mwa Juni, na maeneo yanayopendwa husubiriwa kwa miaka kadhaa huku mtu akijikusanyia pointi za kumsogeza mbele kwenye foleni.

Kaka yangu nilipomsomea hili, aliniuliza: "Yaani mimi siwezi kuwinda na shemeji yangu, na taa za nyumba yake naziona kutoka hapa?" Kulungu, kwa kweli ni vigumu. Lakini sungura, kindi na kwale mwenye mkia mrefu wanaoita pheasant ni hadithi nyingine: leseni ya wanyama wadogo mgeni anaweza kuinunua siku hiyo hiyo, pamoja na ada ya makazi ya wanyama. Familia ya pande mbili za mto ianzie hapo. Mkishazoeana na mashamba na kanuni, kaka aweke maombi yake ya Iowa kila Mei na awe na subira.

Jihadhari pia na wazo la "mimi nasindikiza tu". Kwetu uwindaji ni wa kundi: wengine wanafukuza, wengine wanavizia. Hapa kumfukuza mnyama kumwelekeza kwa mwenye silaha kunahesabiwa kuwa ni kuwinda, hata kama mkononi una fimbo. Anayetembea msituni kumtoa kulungu awe na leseni kamili.

Kozi ya usalama, na hizi tarehe zetu za Januari 1

Kila jimbo lina tarehe ya kuzaliwa ambayo kuanzia hapo lazima uwe na cheti cha kozi ya usalama wa uwindaji. Hapa watu wetu wanakwama kwa sababu ambayo Wamarekani hawaifikirii: wengi tuliopitia kambi za wakimbizi kama Nyarugusu tumeandikiwa kuzaliwa Januari 1.

Iowa inasema aliyezaliwa *baada ya* Januari 1, 1972. Wisconsin inasema aliyezaliwa *tarehe* Januari 1, 1973 *au baada yake*. Illinois ni Januari 1, 1980 au baada yake. Sasa chukua mzee wetu mwenye karatasi za Januari 1, 1973. Illinois watamuuzia leseni bila cheti. Iowa na Wisconsin watamkatalia. Mwenzake wa Januari 1, 1972 kamili, Iowa haimdai cheti. Soma maneno "kuanzia" na "baada ya" polepole, na usikubali karani aseme haraka haraka bila kutazama kitambulisho.

Ushauri wangu ni kwamba kozi uifanye hata kama tarehe yako inakusamehe. Cheti cha jimbo moja hukubaliwa na majimbo yote, na hakiishi muda. Tena kozi yenyewe ina mambo ya kuokoa maisha: namna ya kuvuka uzio na bunduki, namna ya kujua risasi itaishia wapi ukikosa, namna ya kupanda kwenye jukwaa la mtini ukiwa umejifunga mkanda. Kwa watu wazima majimbo mengi yanaruhusu kuifanya mtandaoni. Kiingereza chake si kigumu, lakini maneno ni mengi; gawa sura kwa siku, usilale saa saba za usiku ukibofya majibu.

Unapojiandikisha, hakikisha majina yamekaa kama yalivyo kwenye kitambulisho. Wakongomani tunaandika jina la ukoo kwanza, karani wa hapa anasoma kinyume, na ukienda kununua leseni mfumo hauoni cheti chako. Nimetafsiri mazungumzo ya namna hiyo kwa simu mara nyingi. Kurekebisha kunawezekana, ila si Ijumaa jioni kabla ya ufunguzi wa msimu.

Asiye na cheti bado na anataka kujaribu, aulize kama jimbo lina leseni ya mwanafunzi anayesindikizwa na mzoefu. Minnesota na Wisconsin wanayo, na Texas mtu wa miaka 17 au zaidi anaweza kuahirisha kozi mara moja tu maishani kwa dola 10, mradi awe na mtu mwenye leseni wa kumsimamia.

Karatasi hazitoshi moja

Mtu ananipigia akiwa na furaha: "Dada, nimenunua leseni!" Namwuliza: "Leseni ya nini?" Kimya.

Leseni ya kuwinda kwa kawaida ni mlango tu. Kumpiga kulungu Iowa mkazi mtu mzima anahitaji vitu vitatu: leseni ya kuwinda, ada ya makazi ya wanyama, na leseni ya kulungu yenye tagi yake, yaani kikaratasi cha kumfungia mnyama akishaanguka. Leseni ya kulungu nayo ina aina. Ile ya kulungu wa aina yoyote inatumika jimbo zima. Ile ya kulungu asiye na pembe inafungwa kwenye kaunti iliyoandikwa. Na ukichagua bunduki, unachagua msimu: wa kwanza, unaoanza Jumamosi ya kwanza ya Desemba kwa siku tano, au wa pili unaofuata kwa siku tisa. Ukichukua wa kwanza ukakosa, huwezi kuhamia wa pili kwa tagi ile ile.

Illinois ni tofauti tena. Kibali cha kulungu cha bunduki ni cha kaunti moja, na mzunguko wa kwanza wa bahati nasibu kwa wakazi hufungwa mwishoni mwa Aprili, wakati ambapo hakuna anayewaza kulungu. Siku zenyewe ni chache: Ijumaa hadi Jumapili kabla ya Sikukuu ya Shukrani, kisha Alhamisi hadi Jumapili baada yake. Kibali cha upinde ni rahisi zaidi kupata na msimu wake ni mrefu, kuanzia Oktoba. Hii ni sababu moja iliyonifanya nipende upinde.

Bata na ndege wengine wanaohama wana karatasi zao za ziada juu ya hizo. Mwenye miaka 16 au zaidi anayewinda bata au bata bukini lazima awe na stempu ya shirikisho ya dola 25, ambayo siku hizi unaweza kuinunua kwa njia ya kielektroniki. Juu yake kuna stempu ya jimbo pale inapotakiwa, na usajili wa takwimu za ndege wanaowindwa, unaofanyika upya kwa kila jimbo unalowinda. Na risasi za bata haziruhusiwi kuwa za madini ya risasi; tangu 1991 nchi nzima ni chuma au madini mengine yasiyo na sumu.

Usishangae fomu ikiuliza namba ya Social Security. Tangu sheria ya shirikisho ya 1996 kuhusu matunzo ya watoto, majimbo huikusanya kwenye leseni za burudani pia, na mzazi mwenye deni la matunzo anaweza kuzuiwa leseni.

Silaha gani, na nani anaruhusiwa kuishika

Kijana mmoja wa jamii yetu alinunua raifo nzuri aina ya .30-06 kwa sababu binamu yake wa Wisconsin anaitumia kwa kulungu. Iowa, kwenye misimu ya kawaida ya bunduki, silaha hiyo hairuhusiwi kwa kulungu. Hapa ni shotgani, gobore, bastola za aina fulani, au raifo za risasi za aina fulani, kama zile zenye ganda lililonyooka. Illinois ilikuwa shotgani kwa miaka mingi, kisha 2023 ikaruhusu raifo fulani zinazoingia risasi moja tu kwa wakati. Kwa hiyo sura ya silaha kwenye kitabu isomwe kabla hujafungua pochi.

Nguo nayo ina sheria. Illinois inataka kofia na nguo ya juu yenye angalau inchi za mraba 400 za rangi inayong'aa. Colorado ni 500. Chungwa linalong'aa, lisilo na mabaka, halitakuletea shida. Pinki inakubaliwa Illinois na Wisconsin lakini si kila mahali, basi nunua chungwa umalize.

Wale waliokua wakiwinda kwa mbwa, nyavu, mitego ya waya na tochi ya usiku: kwa kulungu, Iowa na Illinois yote hayo ni kosa. Saa za kupiga ni nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Kumwagia mahindi ili kulungu aje pia ni kosa kwenye majimbo haya mawili, ingawa kaunti kadhaa za Wisconsin huruhusu. Na Jumapili: Maine, ambako ndugu zetu wengi wako Portland na Lewiston, hakuna kuwinda Jumapili kabisa.

Sasa lililo zito kuliko yote. Leseni ya kuwinda haikupi haki ya kumiliki bunduki. Sheria ya shirikisho inawakataza watu wa aina kadhaa kushika bunduki au hata risasi: aliye nchini bila hadhi ya kisheria, aliyewahi kupatikana na kosa kubwa, aliyepatikana na kosa la ukatili wa nyumbani hata likiwa dogo, na wengineo. Mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi, amekatazwa pia, isipokuwa ana leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo la Marekani au anaingia kwenye msamaha mwingine uliotajwa. Mkimbizi aliyepokelewa kisheria na mwenye grini kadi hawamo kwenye katazo hilo la viza. Fomu ya kununulia bunduki inauliza pia matumizi ya bangi, na inaeleza wazi kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi sheria ya shirikisho; wakazi wa Illinois, ambako bangi imeruhusiwa tangu 2020, lisomeni hilo vizuri.

Mkazi wa Illinois anahitaji kadi ya utambulisho wa mmiliki wa silaha, inayotolewa na polisi wa jimbo, hata kwa kununua risasi tu. Mgeni kutoka Iowa aliye na leseni ya mgeni ya Illinois anasamehewa kadi hiyo akiwa mahali panaporuhusiwa kuwinda. Barabarani, jimbo lolote, bunduki isafiri bila risasi, ndani ya mkoba wake uliofungwa.

Nawaambia hivi kwa moyo wote: kwa asiye raia, kosa la bunduki linaweza kuwa sababu ya kufukuzwa nchini. Faini unalipa inaisha, hili haliishi. Kama hadhi yako ina swali lolote, au uliwahi kukamatwa kwa lolote hata kesi ikafutwa, zungumza na mwanasheria wa uhamiaji kabla hujagusa silaha. Usimwulize muuza duka, wala mimi. Na kumbuka upinde hauhusiani na sheria za bunduki.

Akishaanguka

Wengi hujiandaa kwa ajili ya kupiga na husahau kwamba saa inaanza kwenda mnyama anapoanguka. Iowa, tagi inafungwa kabla hujamsogeza au ndani ya dakika 15, lolote litakalotangulia: kwenye pembe kwa dume mwenye pembe, mguuni kwa asiye na pembe. Kisha unaripoti kabla ya saa sita usiku wa siku inayofuata. Illinois tagi ni papo hapo, na ripoti kabla ya saa nne usiku siku ile ile. Wisconsin una hadi saa kumi na moja jioni ya kesho yake. Weka namba ya kuripotia kwenye simu kabla hujatoka nyumbani, na kalamu mfukoni. Kalamu ya wino huganda kwenye baridi ya Desemba, chukua penseli.

Tagi ni ya mwenye jina lake. Iowa, Minnesota na Wisconsin huruhusu kundi kutumia tagi za wenzao kwenye misimu fulani na kwa masharti, lakini majimbo mengi hayaruhusu kabisa. Usichukue desturi ya jimbo moja ukaipeleka jingine.

Halafu kichwa na mifupa. Najua supu ya kichwa, najua uti wa mgongo uliochemshwa asubuhi hadi jioni, na najua wazee wataona umeleta nyama iliyonyang'anywa utamu wake. Lakini kuna ugonjwa wa kulungu unaokula ubongo polepole, ulionekana mara ya kwanza Colorado mwaka 1967, na Wisconsin na Illinois waliuona 2002. Viini vyake hukaa zaidi kwenye ubongo, uti wa mgongo, macho, bandama na tezi, na kupika hakuviui. Ndiyo maana kulungu aliyetoka kwenye eneo lenye ugonjwa haingii Iowa akiwa mzima. Kinachoruhusiwa ni minofu iliyotolewa mifupa, ngozi, na pembe zilizobaki kwenye kipande cha fuvu kilichosafishwa ubongo wote. Minnesota ni kali zaidi: haipokei mzoga mzima wa kulungu kutoka jimbo lolote jingine. Kwa hiyo kaka anapomleta kulungu wake tumle pamoja, kazi ya kisu inaisha upande wa Illinois. Mume wangu anakata nyama kiwandani, kwake ni kazi nyepesi. Asiye na ujuzi ampeleke kwa mchinjaji anayesindika wanyama wa porini huko huko. Pima sampuli pale jimbo linapotoa huduma hiyo, na kulungu aliyekutwa na ugonjwa asiliwe.

Nyama ya porini haiuzwi. Naiandika peke yake kwa sababu nimeona matangazo kwenye makundi ya WhatsApp, picha ya paja na bei chini yake. Anayeuza na anayenunua wote wana kosa, na mteja akiwa ng'ambo ya daraja ile Lacey Act inawasubiri. Kugawa bure kunaruhusiwa. Ukimpa jirani paja, mwandikie kikaratasi: jina na anwani yako, jina lake, tarehe, kaunti, namba ya tagi, na ni nyama kiasi gani. Texas ina fomu rasmi ya kazi hiyo.

Piga simu, na uombe mkalimani

Baada ya kusoma yote, yatabaki maswali mawili matatu. Afisa wa wanyamapori wa kaunti ndiye mtu wa kuuliza, na namba yake imo kwenye kitabu cha kanuni au tovuti ya idara. Wengi wetu tunamwogopa kwa sababu tulikotoka askari wa pori alikuwa mtu wa kukimbiwa. Hapa, kumpigia kabla ya msimu ni jambo la kawaida, na maafisa niliowatafsiria hufurahi kuulizwa mapema.

Uliza hivi, kwa mpangilio huu: ardhi hii naruhusiwa kuwinda? Mnyama huyu, tarehe hii, silaha hii? Kwa tarehe yangu ya kuzaliwa na muda niliokaa hapa, nahitaji karatasi zipi? Nikimpata, naripoti wapi na kabla ya saa ngapi? Nikitaka kumpeleka jimbo la pili, nimkate vipi?

Kama Kiingereza kinakupa shida, tangu mwanzo sema *Swahili interpreter, please*, kisha subiri kwenye laini. Idara za wanyamapori za majimbo hupokea fedha za shirikisho, na sheria ya haki za raia ya 1964 inawataka wanaopokea fedha hizo wasimbague mtu kwa sababu ya asili ya taifa lake, na kwa miaka mingi hilo limehesabiwa kugusa lugha pia. Usimweke mtoto wa darasa la tano akutafsirie sheria za bunduki. Ukijibiwa, andika tarehe, jina la afisa na alichosema, kisha omba akutumie ukurasa wa kitabu unaosema hivyo, uuhifadhi kwenye simu pamoja na picha ya leseni yako.